Kipimo cha Mkono Wako

Kaagya, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Koku,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya maana: chandarua, kwinini, maji ya kuchemsha, na jinsi ya kumkatalia mtu anayetaka kukuazima sufuria. Amekuambia mara tatu, na najua kabla hujalala atakuambia ya nne. Kwa hiyo mimi nimeachiwa yasiyo na maana, na hayo ndiyo nitakayoyaandika. Nimekaa hapa karakanani, juu ya mtumbwi wa kukamulia ndizi ambao mwenyewe hajaja kuuchukua, na kuku bado wanachakura kwenye maranda. Naandika Kiswahili kwa sababu kwa Kihaya ningeanza kulia kabla ya kumaliza salamu.

Kesho asubuhi Landrova ya misheni itasimama barabarani mbele ya kibanja chetu. Bibi Mkaguzi wa shule atashuka, atasimama kando na kukutazama. Ukipanda mwenyewe mpaka kiti cha mbele, bila mkono wa mtu, utakwenda Ngenge kufundisha. Usipoweza, amekwisha kusema, atapita Muleba amchukue mwalimu mwingine ambaye sanduku lake limefungwa tayari. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nayarudia ili mkono wangu uwe na kitu cha kuandika.

Nataka nikuambie jinsi nilivyokaribia kuiharibu safari yako. Mengine uliyaona, mengine huyajui.

Ulikuwa na miaka minne homa ilipokuja, na ilipoondoka iliondoka na miguu yako. Siku nilipokuinua kitandani nikakuweka mgongoni, niliapa kimoyomoyo kwamba hutagusa ardhi nikiwa hai. Nilidhani huo ni upendo, na ulikuwa upendo, sikatai. Lakini ndani yake mlikuwa na majivuno pia. Jumapili tulipokuwa tukienda kanisani, wewe mgongoni na Biblia yako ikinipiga kisogoni, watu walisimama njiani wakasema, "Tazameni Ta Zakaria na binti yake." Nami nilikuwa nikipunguza mwendo kidogo wapate kutazama vizuri. Shuleni nilikupeleka kwa baiskeli, nikakubeba kutoka kwenye keria mpaka kwenye benchi. Uliponiambia, "Tata, niweke chini," nilicheka. Nilidhani ni adabu, kwamba unanihurumia mgongo.

Hata ulipokwenda chuo cha ualimu na kurudi na cheti, bado nilikuwa nikikuinua kama gunia la karanga. Mwalimu mwenye cheti. Nikifikiri sasa, nashangaa ulinivumilia vipi.

Halafu ikaja ile siku ya engozi. Bibi Mkaguzi alikuwa ameleta habari kwamba shule mpya ya Ngenge inataka mwalimu, naye angekuja kukuona na kukupeleka Bukoba mjini kwa mambo ya karatasi. Mimi nikaona hapa pana heshima ya kuonyeshwa. Kwetu anayebebwa kwa engozi ni mgonjwa anayekimbizwa hospitali, au ni mtu mkubwa, au ni bibi harusi. Nikawaita wanaume wanane wa chama chetu cha engozi, wakaoga, wakavaa kanzu, wakaleta kile kitanda cha kusuka na mti wake wa kubebea mabegani. Walikubeba kutoka mlangoni mpaka barabarani wakiimba, wakakuinua juu ya vichwa vyao, wakakuingiza kwa nyuma ya gari kama malkia. Mimi nilikuwa mbele nikifungua njia. Moyo ulikuwa umenijaa. Sikugeuka kukutazama usoni hata mara moja.

Wimbo ulipokwisha Bibi Mkaguzi akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha taratibu, "Baba Zakaria, watu hawa wote wanakwenda Ngenge?"

"Hapana, Bibi. Hawa ni wa hapa Kaagya."

"Basi huko nani atambeba?"

Nikajibu jibu la mjinga. Nikasema, "Huko nako kuna watu, Bibi."

"Huko kuna nyumba chache na majani marefu. Mvua ikijaa, gari linakwenda kuwatoa walimu, na dereva yuko peke yake. Siwezi kumwambia dereva ambebe binti wa watu mikononi. Na siwezi kumwacha binti wa watu huko kwa sababu gari ni refu." Akakutazama wewe, si mimi. "Akiweza kupanda mwenyewe na kushuka mwenyewe, nafasi ni yake. Nitakuja tena baada ya wiki sita."

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia gari. Nilimuuliza mama yako ni mtu gani mwenye akili anayetengeneza gari ambalo sakafu yake inamfikia mtu mapajani na kiti chake kinamfikia kiunoni. Mama yako akasema, "Ni mtu aliyeiona barabara ya Ngenge." Kweli, gari la chini lingekaa kwenye tope mpaka Krismasi. Lakini hasira haikuwa ya gari. Jioni ile uliporudi kutoka mjini ulikuwa umeniambia neno moja tu, "Tata, hukuniuliza," ukaenda kulala bila kula. Neno hilo nililikasirikia kwa sababu nilijua lilikuwa la haki.

Sasa nakuambia jambo unalolijua nusu tu.

Alhamisi iliyofuata niliaga kwamba napeleka mlango kwa mchungaji na nitarudi saa kumi. Mchungaji hakuwepo. Nikarudi mapema kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mibuni, na nilipofika karibu na karakana nikakuona. Ulikuwa chini, umekaa juu ya maranda, vibao vyako vya mikono unavyotembelea viko ubavuni. Nilikuwa karibu kukimbia nije nikuinue. Sijui kilichonizuia. Labda ni kwa sababu ulikuwa hutazami huku na huku kama mtu anayetafuta msaada.

Uliligeuzia mgongo lile gogo ninalokalia nikichonga. Ukaweka viganja viwili juu yake, kwa nyuma, ukavuta pumzi, ukajisukuma. Mwili wako wote ulipanda, ukakaa juu ya gogo. Ukaikusanya miguu yako kwa mkono mmoja, mguu huu, na ule, taratibu, kama mtu anayepanga kuni. Kutoka kwenye gogo ukapanda juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Kutoka kwenye mtumbwi ukapanda juu ya meza yangu ya kazi. Mara tatu tu, hakuna haraka, hakuna kelele. Ulipofika juu ulijifuta jasho kwa upindo wa gauni, ukachukua kitabu chako, ukaanza kusoma huku barabara yote iko chini yako.

Koku, nimechonga mitumbwi tangu sijaoa. Nimewahi kuuona mti mkubwa ukianguka na kulala pale pale nilipotaka ulale. Sijawahi kuona kitu kilichonishangaza namna ile. Nilisimama kwenye mibuni kama mwizi, machozi yananitoka, mdomo wazi. Nilichokuwa nikikitazama hakikuwa jambo la siku ile. Mtu hapandi hivyo mara ya kwanza. Ilikuwa kazi ya miaka, na ilifanyika nyumbani kwangu, juu ya vyombo vyangu mwenyewe, kila nilipotoka. Baadaye nilimuuliza mama yako kama anajua. Akasema bila hata kuinua macho kwenye ndizi alizokuwa akimenya, "Tangu darasa la pili. Wewe ukiwapo huwa hana nafasi."

Hilo la mama yako lilinikaa kifuani wiki nzima. Mtu niliyemwapia kwamba hatagusa ardhi alikuwa akiningoja nitoke, apate kutumia mikono yake.

Ungetegemea kwamba baada ya kuona vile nilikuwa nimekwisha kujifunza. Subiri.

Niliamua kutengeneza kwenye gari kile nilichokiona: ngazi ya kukalia, si ya kukanyaga, mbao pana zinazopandana mpaka kwenye kiti. Hukujua nimelitoa wapi wazo hilo, ukalipokea kwa macho ya mashaka, sasa unajua. Tukaenda Bukoba mjini kwa Fundi Salum, yule ambaye babu yake alitoka pwani, gereji yake iko nyuma ya msikiti. Alikuwa na Landrova ya bwana mmoja wa kahawa iliyokuwa ikingoja spea, na ndiyo tuliyopimia. Mimi nilisema ngazi ikae nyuma, kwenye mizigo, ndiko kwenye nafasi. Wewe ukasema, "Tata, mimi si gunia la buni. Walimu hukaa mbele."

Salum akacheka mpaka akashika boneti. "Mwalimu keshasema, Mzee Zakaria. Chuma nitakukunjia mimi, ubao ni wako."

Nikarudi nyumbani nikakata mbao. Na unajua ninavyopima. Sijawahi kumiliki futi ya chuma. Baba yangu alipima kwa mkono wake, kiwiko mpaka kifundo cha mkono, shibiri, vidole. Nami hivyo hivyo, na mitumbwi yetu haijawahi kuvuja. Nikaweka mkono wangu juu ya ubao, nikatia alama, nikaweka tena, nikatia alama. Vipandio vitatu, kila kimoja kimepanda juu ya mwenzake kiwiko mpaka kifundo. Nilipiga randa mpaka ubao ukateleza kama sabuni. Nilijiona bingwa.

Siku ya kujaribu kulikuwa na matope pale gereji, na wateja wawili watatu wamekaa kwenye boksi wakingoja magari yao. Ulipanda cha kwanza kwa shida. Cha pili ulikifikia kwa shida zaidi, cha tatu kikakukatalia. Ulijisukuma, ukainuka, ukabaki hewani, makalio hayafiki ubaoni kwa upana wa vidole tu, ukashuka tena. Ukajaribu tena. Nami, Mungu anisamehe, nilikupigia kelele. Mbele ya watu. Nikasema, "Jikaze. Nilikuona ukipanda juu ya meza, kwa nini hapa unashindwa?" Hukuwa na habari kwamba nilikuona. Ulishtuka ukanigeukia, mkono ukateleza, ukaanguka kwenye tope na gauni lako jeupe.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Nilikuja nikuinue, ukasema, "Usinishike." Nikasimama. Halafu ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti unayomwitia mtoto ubaoni, "Tata, njoo ukae hapa." Nikakaa kwenye tope pembeni yako na suruali yangu ya kanisani. Ukachukua mkono wangu wa kulia ukaulaza juu ya paja lako. Ukalaza wako kando yake, kiwiko kwa kiwiko. Mkono wako uliishia vidole vitatu kabla ya wangu.

"Umenitengenezea ngazi yako," ulisema.

Salum aliondoka kimya kimya kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Nilikaa pale nikiutazama mkono wako. Nimeubeba mkono huo shingoni mwangu karibu miaka ishirini na sikuwahi kujua urefu wake. Niliona aibu ambayo sina jina lake, na papo hapo niliona ajabu, kwa sababu ulikuwa umefika kipandio cha pili cha ngazi ya mtu mwingine kwa mkono mfupi kiasi kile.

Hayo mengine tuliyafanya wote. Vipandio vitatu vikawa vinne, kwa kipimo cha mkono wako, na sikuupiga randa tena ule upande wa kukalia. Ulisema ubao mkavu wenye makwaruzo kidogo unakushika. Salum ndiye aliyewaza kwamba ngazi isiyojikunja itavunjwa na jiwe la kwanza la barabara ya Kimwani ya kwendea Ngenge, akatia bawaba na minyororo, na kamba moja, ukiivuta ukiwa chini ngazi inateremka, ukiivuta ukiwa kitini inapanda na kulala ubavuni mwa mlango. Mkanda wa ngozi wa kushika juu ya mlango ni wako mwenyewe, wewe ndiye uliyeonyesha pa kuufunga. Vyote vilikuwa tayari pale kwake. Dereva wa misheni amepitisha gari kwa Salum leo mchana vifungwe, na Bibi Mkaguzi mwenyewe bado hajaviona vikitumika.

Siku ulipopanda mpaka juu, unaikumbuka? Mafundi waliacha nyundo. Ulikaa kwenye kiti cha mbele, ukavuta kamba, ngazi ikalala mahali pake, ukakunja mikono mapajani kama mtu anayengoja abiria wenzake wachelewaji. Salum alisema polepole, "Subhana Llah," nami Mlutheri, mzee wa kanisa, nikaitikia Amina. Hatukutazamana.

Na hili nalo hulijui. Ulipoingia ndani kumsalimu mke wa Salum, nilijifunga magoti kwa kamba ya mgomba, nikakaa chini, nikajaribu. Niliona gari lile kutoka kule chini unakoliona wewe. Koku, ni refu. Linaziba anga. Kwa miguu yangu nilikuwa naliona ni gari tu. Nilipanda vipandio viwili, kwa mikono hii inayoangusha miti, na cha tatu kilinishinda. Nikalala chali nikihema, na Salum akanifungua kamba. Tangu siku ile ukipita karibu yangu na vibao vyako nataka kusimama, kama watu wanavyomsimamia mtu mkubwa. Nimejizuia kwa sababu ungeniuliza nina nini.

Sitaki kukuhubiria, mchungaji yupo. Lakini haya yananihusu, kwa hiyo nitayasema. Huko Ngenge utakutana na watu wema. Wataona miguu yako na watakuja mbio na mikono yao, kama mimi. Siku umechoka, kubali, hakuna dhambi ya kubebwa. Ila wakuulize kwanza. Na watoto utakaowafundisha, wengine watakuwa wazito, utawaeleza jambo mara tano na watakutazama tu. Siku hiyo utasikia sauti yangu kinywani mwako ikisema jikaze. Itakuja, umeirithi. Ikija, kaa chini karibu na mtoto huyo kwanza, kama ulivyonikalisha mimi.

Watu wa engozi walikuja jioni hii. Shangazi zako ndio waliowaita, wanasema binti wa Zakaria hawezi kuondoka barabarani kimya kimya kama mpita njia. Wamekuja na kitanda chao na kanzu zao safi. Niliwapa kahawa ya kutafuna, nikawashukuru, nikawarudisha. Mmoja akaniuliza, "Basi kesho sisi tufanye nini?" Nikamwambia, "Mje mtazame." Akanitazama kama niliyeugua.

Naogopa, mwanangu. Mawingu yamekusanyika upande wa ziwani, na mbao zikilowa sijui zitakuwaje. Kwa Salum ulipanda mara saba na kuteleza mara mbili. Bibi Mkaguzi si mbaya lakini atakuwa na saa mkononi. Na ninaiogopa mikono yangu kuliko vyote. Naijua. Ukiyumba kidogo tu itaruka kabla sijaiambia kitu, na ikikugusa, hata kwa ncha ya kidole, kila kitu kimekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekumaliza. Kwa hiyo kesho hutaniona kando ya gari. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, na nimemwomba mama yako anishike mikono yote miwili, kwa nguvu, mbele ya watu wote, nao waseme watakavyo. Ukiteleza nitaona. Sitavuka.

Barua hii nitampa dereva kesho kabla hujatoka nyumbani, nimwambie akukabidhi mkifika Ngenge, si mahali pengine. Mama yako amesimama nyuma yangu sasa hivi, amesoma juu ya bega langu, ameuliza, "Na asipofika Ngenge, atasoma nini?"

Nimemwambia sijaandika nyingine.

Baba yako,
Zakaria